Detekta inalia, lakini zahabu ni ya nani?

Bandugu wachimbaji, hii mashine ya detekta imeshaingia ku karieri zetu na haitatoka. Wenye kusema serikali iikataze wanapoteza mate yao. Kijana akiokota kipande cha gramu 3 asubuhi moja, wakati ekipe nzima iko shimoni mwezi mzima inatafuta filoni, nani atamwambia aache?

Lakini tusidanganyane. Ile sahani ya chini inatuma nguvu ya sumaku ya umeme ndani ya udongo, chuma inajibu, masikio yanasikia mulio. Kipande kidogo kinasikika tu kama kiko karibu na juu. Zahabu ya unga, ile iliyo ndani ya jiwe, mashine haiisikii. Kwa hiyo shimo litabaki. Na huku kwetu vinalia vingi: misumari, mikebe ya sardini, maganda ya risasi. Mashine haijui tofauti ya zahabu na grenade. Pahali vita ilipita, usipige jembe kwa nguvu. Ukiona chuma yenye umbo la bomu, usiiguse, weka alama mbali kidogo, rudi kwa njia ile ile uliyokuja nayo, kisha julisha wakubwa.

Jambo linaloniuma ni mugawo. Shimoni masharti yanajulikana: PDG analeta pesa ya chakula, miti na pampu, sisi tunaleta mikono, na mawe yanagawanywa mbele ya macho ya wote. Ba mama twangaises nao wanapata ya kutwanga, mtoto analipiwa shule. Kipande cha detekta kinaingia mfukoni mwa mtu mmoja. Mama atatwanga nini?

Na huyo mtu mmoja, mara nyingi mashine si yake. Zile nzuri zinauzwa maelfu ya dola, mchimbaji atazitoa wapi? Mnunuzi ndiye anamukopesha, kwa sharti kwamba kila kipande kiuzwe kwake, kwa bei yake, ku balance yake. Betri ikikufa, deni linapanda. Huyo kijana anafikiri ni bosi, kumbe ni mfanyakazi asiye na mushahara. (Na mashimo yake anayaacha wazi katika shamba la muhogo la watu!)

Code minier, tangu ilipobadilishwa 2018, inataka mchimbaji awe ndani ya koperative. Basi koperative isiwe ya kukusanya pesa ya kadi tu. Inunue mashine, au isimame shahidi pale mwanachama anapokopa. Kabla ya kutoka asubuhi iandikwe: sehemu ya mwenye kubeba, ya wachimbaji, ya mwenye shamba, ya mashine. Jioni kupima ni mbele ya watu. Siku bei ya mashine imekwisha kulipwa, ni mali ya ekipe.

Wewe ambaye umeshaahidiwa detekta, muulize mnunuzi: deni litaisha kwa gramu ngapi? Aandike, atie sahihi. Akikataa, mrudishie mashine yake.