Soko Halifundishi Yote

Huku Kisii na Nyamira, mtoto akileta habari kwamba anakwenda kusomea shahada ya biashara, na kwamba kati ya masomo yake limo la usimamizi, hakosi mjomba wa kuuliza: huo nao hufundishwa? Mamake ameuza ndizi Daraja Mbili miaka na miaka, akasomesha watoto wote, na hajawahi kumsikia Fayol, yule Mfaransa anayetajwa kwenye masomo ya usimamizi. Karo ipotelee huko kwa nini?

Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Mama huyo anajua bei ya alfajiri na ya saa kumi jioni, anajua wa kukopeshwa na wa kunyimwa, na hapo hakuna mhadhiri wa kumzidi. Ila biashara yake yote inaenea kichwani mwake. Usimamizi huanza pale kazi inapopita kichwa kimoja.

Tazama majani chai. Viwanda vya Sanganyi, Kebirigo, Nyamache na Ogembo ni mali ya wakulima, na huendeshwa kwa niaba yao na shirika la chai la KTDA. Maana yake, wenye mali wameajiri msimamizi, nao hawana budi kujua jinsi ya kumsimamia. Mkulima huchuma majani mawili na chipukizi, akayafikisha kituoni, karani akapima. Kuanzia hapo ni mbio. Lori likichelewa, majani yaliyoshindiliwa hupata joto na kuwa mekundu, na chai itakayotoka haitapata bei nzuri kwenye mnada wa Mombasa. Nani aliyepanga safari za lori hilo? Kuni za kiwandani zimekula shilingi ngapi kwa kila kilo ya chai? Bonasi ya wakulima wa huku huwa ndogo kuliko ya wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa, na hasira hupanda kila Oktoba inapolipwa. Udongo, hali ya hewa na soko vina mchango wao, sikatai. Lakini mwenye hisa asiyeweza kusoma hesabu za kiwanda chake atatenganishaje bahati mbaya na uzembe? Ataandamana, kisha atawarudisha wakurugenzi wale wale.

Na Fayol mwenyewe hakuwa mtu wa darasani. Alikuwa mhandisi wa migodi Ufaransa. Mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni iliyokuwa inaelekea kufilisika, akaiinua. Maandishi yake makuu juu ya usimamizi yalitoka 1916, baada ya miaka mingi ya kazi.

Mimi lawama zangu ziko kwenye ufundishaji. Kukariri kazi tano za msimamizi alizoziorodhesha Fayol na kuzimwaga kwenye mtihani hakumsaidii yeyote. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake 2013, kimezungukwa na viwanda vya chai, vyama vya kahawa, Sacco na wachongaji mawe wa Tabaka. Mwanafunzi apewe hesabu za kiwanda za mwaka mzima, aulizwe bonasi imeshuka kwa nini, kisha akalieleze jibu lake kituoni mbele ya wakulima, kwa Ekegusii, nao wamhoji mpaka waridhike.