Kabla hamjauza alizeti kununua kompyuta mpya

Haya wandugu, nimerudi. Najua nimekuwa kimya wiki tatu nzima. Sijaugua wala sijadisko, msiniombee mabaya! UE ziliisha, nikafungasha begi langu moja, nikapanda basi kutoka Dodoma kwenda nyumbani Misigiri kula ugali wa mama. Leo ndio nimerudi chuo, nimekaa kimbwetani, na nina jambo moja linaniwasha.

Kwa wasiopajua: ukitoka Singida mjini kuelekea Nzega, kabla hujauteremka ule mlima wa Sekenke, unakuta njia panda ya kwenda Kiomboi. Hapo ndipo kwetu. Mabasi na malori ya kwenda Mwanza yanapita usiku na mchana. Mama ana kisteshenari chake jirani na barabara: fotokopi, kuchapa barua, fomu za shule, na msimu wa maombi ya mkopo ukifika vijana wanapanga foleni mpaka nje. Mashine ni moja tu, Dell OptiPlex ya mtumba, Core i3 ya kizazi cha pili, yaani ni ya enzi za 2011 huko. RAM GB 4, diski GB 250.

Nimefika jioni nakuta kikao. Baba mdogo yupo, mama yupo, na mdogo wangu wa form four kakaa pembeni kama karani. Ajenda: kompyuta imechoka, iuzwe alizeti inunuliwe laptopu. Nikasema shikamoo, nikaambiwa marahaba keti, wewe ndiye msomi wetu wa mambo haya, hebu sema.

Kabla sijasema nikaomba niiwashe. Jamani! Nilishika simu nikahesabu. Toka kubonyeza kitufe mpaka Word ikubali kuandika herufi moja: dakika 6 na sekunde 40. Mama anasema wateja wa mabasi hawasubiri. Mtu anashuka mara moja kutaka kopi ya cheti, anaona duara linazunguka kwenye kioo, anavuka barabara kwenda duka la pili. Hiyo ndiyo hasara yenyewe, inatoka mia tano mia tano.

Fundi mmoja (simtaji) alishaitwa mara mbili. Mara ya kwanza alisema virusi, akaifomati, picha za harusi ya shangazi zikaenda na maji. Mara ya pili akasema ni RAM, na kwamba "mashine imezeeka mama, hizi haziponi". Akataja na bei ya laptopu aliyonayo yeye mwenyewe, ya mtumba vilevile, laki nne na nusu. Ebo! Daktari anayeuza majeneza.

Msimamo wangu ni huu, nausema bila kumung'unya maneno: kompyuta nyingi zinazotukanwa huku mitaani kuwa zimezeeka hazijazeeka. Kilichozeeka ni diski. Na diski hata ikiwa mpya, ile ya kuzunguka, ni polepole kwa asili yake. Toa hiyo, weka SSD, halafu ndio tuzungumze habari ya kununua nyingine.

Kwa nini nasema hivyo? Ndani ya diski ngumu ya kawaida kuna sahani zinazozunguka, mara 7,200 kwa dakika kwa zile za mezani, mara nyingi 5,400 kwa zile za laptopu. Juu yake kuna mkono wenye kichwa cha kusomea, unakwenda na kurudi. Wazo lenyewe ni la 1956, pale IBM walipotoa mashine ya sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, zote pamoja zikibeba kama MB 5 tu. Leo wimbo mmoja unaweza kulijaza dude zima lile. Sahani zimepungua na kuwa ndogo, lakini mkono bado ni mkono. Ukiomba faili, mkono usogee, halafu usubiri sahani ijizungushe mpaka kipande kinachotakiwa kipite chini yake. Hapo milisekunde kama 12 hivi zimekwenda. Kidogo eh? Sasa Windows ikiwaka inaomba vipande vidogovidogo maelfu, vimetawanyika huku na kule. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani mara elfu moja: nenda kalete chumvi, rudi, nenda kalete kiberiti, rudi, nenda kalete majani ya chai. Mtoto hana kosa. Hata ukimwongezea begi kubwa la kubebea, safari ni zilezile.

SSD haina sahani, haina mkono. Ni chipu tupu, ndugu wa zile zilizomo kwenye flashi na kwenye simu yako, aina iliyobuniwa na Fujio Masuoka na wenzake pale Toshiba miaka ya 1980. Kuomba kipande popote kilipo ni kama sehemu ya kumi ya milisekunde, pengine chini ya hapo. Duka limehamia jikoni kwako.

Basi nikawaambia kikaoni, nipeni siku tano. Baba mdogo akacheka, akasema wasomi mnapenda kuchelewesha maendeleo. Sawa.

Usiku ule ndipo nilipoisikia. Tik. Tik. Tik. Kama mtu anagonga kijiko kwenye sufuria, halafu kimya, halafu mashine inaganda. Kwa anayejua, huo si mlio wa kulala nao. Kichwa kinashindwa kusoma, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Nikawasha CrystalDiskInfo kuangalia afya ya diski, rangi ya njano, vipande vibovu vimeanza kuhamishwa. Nikamuuliza mama, humu ndani kuna nini cha maana? Akajibu taratibu kabisa, "Kuna kikoba."

Wandugu, miguu iliniisha nguvu. Mama ni katibu wa kikoba cha akina mama 28. Hisa za kila wiki, nani kakopa, nani karejesha, nani ana faini, vyote vipo kwenye faili moja la Excel, na mgao unakuja baada ya miezi miwili. Daftari lipo, lakini toka mwaka jana alikuwa analijaza nusunusu kwa sababu "kompyuta inajumlisha yenyewe". Nakala nyingine? Hamna. Hela za akina mama 28 zimening'inia kwenye sindano inayogonga tik tik tik!

Kwa hiyo hatua ya kwanza haikuwa SSD wala nini. Nilinakili lile faili kwenye flashi mbili tofauti na nyingine nikajitumia kwa barua pepe, kabla hata ya kula. Halafu nikaizima mashine kabisa. Kama na yako inagonga, fanya hivyo sasa hivi, haya mengine utasoma baadaye. Kila dakika inayowaka unaila.

SSD nilikuwa nayo begini, nilishainunua Dodoma kwa hela ya bumu, shilingi 68,000, ya GB 256. Nilikuwa nimeikusudia laptopu yangu mwenyewe, basi tu, moyo. Kumbe ukubwa ule uliniokoa. Kuhamisha kila kitu kama kilivyo nilitumia Clonezilla, programu ya bure inayowaka kutoka kwenye flashi, na yenyewe kwa kawaida inagoma ukihamia kwenye diski ndogo kuliko ya zamani, hata kama ya zamani haijajaa. Ningenunua ya 240 ningekwama, ningeanza kupunguza patisheni kwenye diski inayokufa. Angalieni namba hiyo kabla hamjalipa.

Nikaanza saa mbili usiku. Saa tatu kasoro umeme ukakatika. Ukarudi, nikaanza upya. Ukakatika tena! Mama akaniambia lala mwanangu, umeme wa huku una ratiba yake. Nikaamka saa tisa usiku, nikaweka kile kichaguo cha uokoaji ili isisimame kila ikigonga kipande kibovu, na ilipofika alfajiri adhana inalia, ikamaliza.

Kuifunga yenyewe ni kazi ya bisibisi moja. SSD ni ya inchi 2.5, nafasi ya diski kwenye desktop ni inchi 3.5, kwa hiyo inapwaya. Msinunue bati la kushikizia kama hela hamna: haina kitu kinachozunguka, haitikisiki, niliibandika ubavuni kwa gundi ya utepe wa pande mbili. Kebo nikachomoa zile za diski iliyokufa, basi. Nikapuliza na vumbi. Vumbi la Singida na ule upepo wetu mnaujua, nilitoa humo kiasi cha kupanda mchicha.

Nikawaita wote. Baba mdogo kashika simu yake anahesabu mwenyewe, haniamini. Sekunde 34 mpaka Word inaandika. Akasema labda imejitega kwa sababu imelala. Ikazimwa, akachomoa mpaka waya ukutani, akangoja, akawasha. Sekunde 33.

Sasa nisije nikaonekana nauza SSD. Baba mdogo si mjinga, na hoja zake nyingine zilinibana.

Alisema, hiyo nayo si itakufa? Itakufa. Chipu hizi zina kikomo cha kuandikwa. Lakini hebu tupige hesabu: SSD ya kawaida ya ukubwa huu inaweza kuahidiwa TB 80 za kuandikwa. Ukiandika GB 20 kila siku, ambazo steshenari ya mama haifikii hata robo, ni siku 4,000, karibu miaka 11. Kinachoniogopesha ni kingine. Diski ya zamani ilitugongea tik tik, ikatuonya. SSD mara nyingi haiongei. Jana nzima, leo mashine haiioni kabisa. Na umeme ukikatika katikati ya kuandika, hizi za bei rahisi zinaweza kupoteza kilichokuwa njiani. Kwa hiyo fedha ya kwanza itakayopatikana pale dukani ni ya UPS, hata ya mtumba yenye betri mpya. Na msidhani ni kabati la kufungia kumbukumbu: SSD iliyochoka ikikaa bila umeme muda mrefu chaji inavuja.

Alisema tena, Windows je? Hapo alinipata vizuri. Windows 10 iliachwa kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka processor za kizazi cha nane kwenda mbele. Hii ya mama ni cha pili. SSD haiponyi hilo, na pale watu wanaingiza nywila za akaunti zao za mkopo na ajira, si mchezo. Nilichofanya ni kuweka Linux Mint pembeni, bure, kwa kazi zote za intaneti. Windows imebaki ya Excel na printa, intaneti nimeizima. Mama anaita "ile ya kijani" na "ile ya zamani". Mdogo wangu alizoea ya kijani kwa siku moja. Mama bado anasonya.

Kuna kompyuta ambazo kweli ni za kuzika, sikatai. Bodi imeungua, au ni ya Windows XP yenye RAM MB 512, hiyo hata uiwekee chipu za dhahabu. Lakini kuwaambia watu wa Misigiri, kila inapochelewa kuwaka, wauze mazao ya msimu mzima wanunue mtumba mwingine wenye diski ileile ya kuzunguka, huo kwangu ni wizi wa kistaarabu. Maana ile laptopu ya laki nne na nusu niliomba kuiona. Nikaifungua chini. Diski ya 5,400!

Na mkienda kununua, kimbieni SSD ya "1TB" inayouzwa elfu thelathini na tano haina hata jina. Nyingi ya hizo ni flashi kadi iliyovalishwa koti, inajitangaza kubwa, ukijaza inaanza kula mafaili yako. Ijaribu kwa H2testw siku hiyohiyo, risiti mkononi. Bei zenyewe msitegemee zitashuka tu kila mwaka: mwishoni mwa 2025 RAM na chipu za flashi zilipanda duniani kwa sababu vituo vikubwa vya akili mnemba vinazikomba. Tulishaona mchezo huo 2011, mafuriko ya Thailand yalipozamisha viwanda vya diski na bei zikaruka mpaka huku kwetu.

Flashi moja ya kikoba sasa iko kwenye sanduku la mama, nyingine kwa mwenyekiti wao, na kila Jumamosi baada ya hesabu zinaandikwa zote mbili. Daftari nalo limerudi kazini, lote. Mama kasema halijawahi kumgongea tik tik.

Alizeti bado ipo stoo. Baba mdogo alinisindikiza stendi asubuhi ya safari, kabeba kitu kimefungwa kwenye kanga, nikadhani ni kuku wa zawadi. Laptopu yake. Ati inachelewa kuwaka, niende nayo Dodoma nikaiangalie, na hela ya SSD atanitumia kwa simu mwisho wa mwezi. Ipo hapa pembeni yangu kimbwetani. Bumu lenyewe halijatoka.