Umeme ulipokatika Ghana

Haya, wiki hii nina stori ya umeme kukatika, ila safari hii hatucheki.

Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kiitwacho NotPetya kiliingia kwenye mtandao wa Maersk, kampuni kubwa ya meli ya Denmark. Kompyuta zikazimika ofisi kwa ofisi. Seva zinazotunza majina na ruhusa za watumiaji zilikuwa nyingi, nchi mbalimbali, kila moja ikiwa nakala ya mwenzake. Akiba tosha, sivyo? Shida ni kwamba zote zilikuwa zimeunganishwa, zikafutwa pamoja.

Ikapona moja tu, Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kabla kirusi hakijafika! Wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza, kwa hiyo mmoja akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, naye akaifikisha London. Ndani ya siku kumi hivi, seva 4,000 na kompyuta 45,000 zikajengwa upya.

Mimi kazi yangu ni kubuni mifumo, na siku hizi siulizi tu mwizi atazuiwaje. Nauliza, akishaingia, kitabaki nini? Nakala moja lazima ikae mbali, nje ya mtandao, na uijaribu mara kwa mara kama inafunguka. Maersk waliokolewa na bahati.

Na wewe je? Zile voisi za bibi, ukiacha simu yako, ziko wapi pengine? Zihifadhi leo.