Bei ya Shahada na Mshahara wa Askari

Shahada ya haki jinai, yaani masomo ya polisi, mahakama na magereza yaliyounganishwa kuwa fani moja, husomwa na maelfu ya vijana wa Marekani, na wengi wao huisoma kwa fedha za kukopa. Anayetaka kujua kama shahada hiyo ina faida aghalabu huonyeshwa namba mbili: deni la mhitimu na mshahara wake. Tangu mwaka 2015 serikali ya nchi hiyo imekuwa ikichapisha takwimu za namna hiyo kwa kila chuo, na baadaye kwa kila fani ndani ya chuo. Hatua hiyo yastahili sifa. Lakini namba mbili zilizowekwa bega kwa bega hazijawa hesabu bado. Hapana budi iulizwe namba ya tatu, ambayo haionekani katika jedwali la mishahara: mhitimu yule yule angalipata kiasi gani lau asingalisoma shahada hiyo?

Katika fani hii swali hilo lina uzito wa pekee. Uchunguzi wa Ofisi ya Takwimu za Haki ya Marekani wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba zaidi ya idara nane katika kila kumi za polisi wa miji na wilaya zilidai cheti cha sekondari tu kwa askari mpya. Zilizodai shahada ya miaka minne zilikuwa kama moja katika mia. Tuseme basi vijana wawili wanaingia katika idara moja siku moja, mmoja ana shahada na mwenzake hana, na kila mmoja analipwa dola 60,000 kwa mwaka. Jedwali la chuo litaandika dola 60,000 kuwa ni mapato ya mwenye shahada, na msomaji asiye makini atadhani zote zimeletwa na shahada. Kwa kweli zilizoletwa na shahada ni tofauti ya mishahara yao, nayo hapa ni sifuri. Deni, kwa upande wake, si sifuri.

Isidhaniwe kwamba shahada haina kazi. Ziko idara zinazoongeza posho kwa mwenye nayo, na yamkini humsaidia askari kupanda cheo. Shirika la upelelezi la FBI hudai shahada kwa maofisa wake wapelelezi, ila halidai kwamba iwe ya haki jinai. Aliyesoma uhasibu au kemia naye hupokelewa. Jambo hili wanafunzi wengi hulijua wakiwa wamekwisha kujiandikisha.

Hata jedwali lenyewe huhitaji kusomwa kwa tahadhari. Chukua wahitimu watano wenye mapato ya dola 26,000, 28,000, 34,000, 62,000 na 90,000 kwa mwaka. Wastani wao ni dola 48,000. Namba ya kati, yaani ya yule anayesimama katikati wakipangwa kwa mstari, ni 34,000. Ikiwa kila mmoja alikopa dola 40,000 kwa riba ya asilimia 5 ili alipe kwa miaka 15, atatoa karibu dola 316 kila mwezi, sawa na dola 3,796 kwa mwaka. Kanuni ya serikali ya mwaka 2014, iliyohusu kozi za ufundi na vyuo vya biashara na ambayo ilifutwa mwaka 2019, ilikuwa na kipimo kimojawapo kilichotaka marejesho ya mwaka yasizidi asilimia 8 ya mapato. Asilimia 8 ya wastani huo ni dola 3,840: kozi imefaulu. Asilimia 8 ya namba ya kati ni dola 2,720: kozi imeshindwa. Kanuni hiyo iliruhusu ichukuliwe namba iliyo kubwa zaidi kati ya hizo mbili. Mtu aliyelipwa dola 90,000 aliweza hivyo kuwafaulisha, kwenye karatasi, wenzake watatu wasioweza kulipa. Kanuni iliyotangazwa mwaka 2023 ilibakiza namba ya kati peke yake, na hilo ni sawa. Aidha wapo walioacha masomo njiani. Hao wana deni bila cheti, na jedwali la wahitimu haliwahesabu kabisa.

Mambo hayakuanza hivi. Mwaka 1967 tume iliyoundwa na Rais Lyndon Johnson ilipendekeza kwamba hatimaye kila askari polisi awe na shahada, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria iliyotoa mikopo ya kusomea fani hii. Aliyeajiriwa katika kazi hizo alisamehewa robo ya mkopo kwa kila mwaka wa utumishi. Baada ya miaka minne hakudaiwa tena. Serikali ndiyo iliyotaka askari wasomi, na serikali ndiyo iliyobeba hatari ya gharama. Mpango huo ulikwisha, vyuo vikabaki, na hatari ikahamia kwa mwanafunzi. Nchi nyingine huigawa kwa njia nyingine: Tanzania, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, iliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara, hivyo kiasi kinachokatwa hufuata kipato badala ya kukitangulia.

Gharama ya kutouliza namba ya tatu ilionekana Illinois. Mwezi Januari 2012 Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo alikishitaki chuo cha biashara cha Westwood, ambacho shahada yake ya haki jinai iligharimu zaidi ya dola 70,000. Alidai kwamba wanafunzi waliahidiwa nafasi katika polisi ya jimbo na polisi ya Chicago, ilhali vyombo hivyo havikuitambua ithibati ya chuo hicho. Kwa wanafunzi hao shahada haikuongeza chochote mbele ya mwajiri waliyemtaka, na simu moja kwa ofisi ya kuandikisha askari ingalitosha kuwafunulia. Kesi iliisha mwaka 2015 kwa chuo kukubali kufuta mikopo ya dola milioni 15, na mwaka 2016 kikafungwa. Mwezi Agosti 2022 Wizara ya Elimu ya Marekani ilifuta dola bilioni 1.5 walizodaiwa watu wapatao 79,000 waliopitia fani zote za Westwood. Hasara hiyo ilibebwa na hazina, yaani na walipa kodi, wakiwamo askari walioingia kazini kwa cheti cha sekondari.