NI NANI ALIYEUVUNJA MTAMBO?



Kuna ugonjwa mbaya katika kazi za mitambo. Mtambo ukivunjika, tajiri hatafuti chuma kilichovunjika, hutafuta mtu. Na mtu huyo huwa ni yule mwenye mshahara mdogo aliyekuwa karibu siku ile. Twataka kueleza habari ya hapa kwetu, upande wa Soko la Toi, kwa sababu ndugu yetu mmoja amekatwa mshahara kwa kosa ambalo chuma chenyewe chashuhudia kuwa si lake.

Nyote mwaijua Toi. Soko lilichomwa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na wachuuzi wenyewe wakalisimamisha tena. Hapa kila kitu ni mtumba: koti, viatu, mkoba, pazia. Basi msicheke nikisema kwamba hata mtambo wenyewe ni mtumba. Ni injini ya dizeli ya silinda mbili iliyotengenezwa kusukuma mashua. Sasa imefungwa juu ya saruji, yapozwa kwa maji ya pipa badala ya maji ya bahari, na kazi yake ni kuzungusha jenereta ya karakana ya kuchomea vyuma wakati stima ikipotea. Bwana mwenye karakana hatumtaji jina. Anajijua.

Mtambo huo ulianza kugonga siku nyingi kabla ya kuvunjika. Ndugu yetu, ambaye ndiye mwangalizi wake, alimwambia tajiri: oili imekuwa nyeusi kama lami, tubadilishe. Akajibiwa, "Ongeza tu." Akasema mara ya pili, na mara ya tatu. "Ongeza tu." Kisha Jumanne moja silinda ya pili ikafa na nguvu zikapotea. Tajiri akaja, akasikiliza kidogo, akatoa hukumu papo hapo: "Umeukimbiza mtambo." Mwisho wa mwezi, katika mshahara wa Sh. 18,000, akakata Sh. 14,000.

Chama kilinituma nikatazame. Mimi ni fundi wa dizeli, si wakili. Nitawaeleza nilivyotazama, na kila mwangalizi wa mtambo ajifunze, maana huu ndio utetezi wetu.

Kwanza sauti. Kamshafti huzunguka mara moja wakati krenki imezunguka mara mbili. Kwa hivyo kugonga kwa valvu huja polepole kuliko mwendo wa krenki, tena huwa kwepesi, juu ya hedi. Kugonga kwa beringi za chini ni kuzito. Mwenye kuchanganya hayo mawili atabomoa injini nzima bure.

Halafu nikafungua kifuniko cha roka, nikazungusha krenki kwa mkono, taratibu, huku nikiangalia valvu moja moja. Tatu zilishuka na kupanda sawasawa. Ya nne, ile ya moshi wa silinda ya pili, haikutikisika hata kidogo. Pushirodi yake ilikuwa imepinda kama upinde. Nikazitoa zote nne, nikazibiringisha juu ya kioo. Tatu zilibiringika kimya, moja ikarukaruka.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, na nasema bila kuwaonea haya. Huweka pushirodi mpya, au mbaya zaidi, huinyoosha ile ya zamani kwa nyundo, wakachukua pesa na kwenda zao. Baada ya siku mbili imepinda tena! Pushirodi haipindi yenyewe. Kuna kitu kilichokataa kusogea, nayo ikabanwa kati ya kamu na kitu hicho. Ni kitu gani?

Nikatoa hedi na springi. Valvu nzima bila springi yasukumwa kwa kidole. Hii ilitaka kipande cha mti na nyundo. Shina lake lilikuwa limegandia ndani ya gaidi kwa masizi na oili iliyoungua. Tundu la kupelekea roka oili lilikuwa limezibwa na tope jeusi, roka zote kavu. Sasa tuyapime maneno ya tajiri. Kama mtambo ungekimbizwa kupita kiasi, valvu zingechelewa kufunga na pistoni ingezigonga, nasi tungeona alama. Pistoni zote mbili hazina alama. Gavana yashika mwendo vizuri. Valvu hii iligandia ikiwa imefungwa, kwa uchafu wa oili. Ni nani aliyekataza oili mpya?

Kutengeneza si siri. Gaidi isafishwe. Shina likiwa limelika, valvu iwe mpya, isagwe kwa pesti mpaka ukanda wa kijivu uzunguke kiti chote, kisha mimina mafuta ya taa uone kama yavuja. Zibua tundu la oili. Tazama kamu na tapeti kama zimechimbika. Pushirodi iwe ya urefu ule ule, si kipande cha nondo. Mwisho pima nafasi ya valvu kwa geji, pistoni ikiwa juu mwisho wa mbano na valvu zote mbili zimefungwa, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Nafasi ikizidi, itagonga. Ikikosekana, valvu haikalii kiti. Na valvu ya moshi isiyokalia kiti haina pa kutolea joto, itaungua.

Tajiri asema, "Huyu ni kibarua tu." Si kweli. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Kifungu cha 19 chamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa kosa la MAKUSUDI la mfanyakazi. Kuomba oili mara tatu ndiyo makusudi? Tena makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Theluthi mbili za 18,000 ni 12,000. Bwana huyu hata hesabu imemshinda.

Na akitaka kumfukuza kwa kosa, kifungu cha 41 chamlazimu kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama.

Ninyi mnaoangalia mitambo, nunueni daftari leo. Andikeni tarehe, sauti mliyoisikia, mlichoomba, na mlivyojibiwa. Ndugu yetu hakuandika, na sasa tajiri akana kwamba aliombwa oili.

Pushirodi ile tajiri aliitupa, nasi tukaiokota. Iko ofisini, imefungwa kwa gazeti. Mkutano naye ni Alhamisi. Tutaiweka mezani, pamoja na kile kioo.