Maji Moto, Miamba Kongwe na Deni la Wanakiswahili

Imezoeleka katika makongamano ya Kiswahili kusikia kwamba lugha hii haiwezi kubeba sayansi kwa sababu ya uhaba wa istilahi. Dai hili limerudiwa mno hata likawa kama kanuni isiyohojiwa. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti: kinachokosekana zaidi si istilahi, bali ni maelezo. Orodha za istilahi zipo. Mathalani, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na TUKI mwaka 1990. Walio haba ni wale wanaokaa chini kuandika aya tatu mfululizo zinazomweleza msomaji jinsi kitu fulani kinavyotendeka. Ili hoja hii isielee hewani, yafaa kuchukua mfano ambao kwa mtazamo wa kwanza hauihusu Idara ya Kiswahili hata kidogo: mzunguko wa maji moto katika miamba ya kingo kongwe za mabara.

Mabara hupasuka. Bara likivutwa pande mbili kwa mamilioni ya miaka, ganda lake hukonda, nyufa hufunguka na bonde hudidimia. Mvutano huo ukiendelea, bahari huingia katikati. Sehemu zilizokondeshwa hubaki pande zote mbili za bahari mpya mfano wa pindo za nguo iliyochanwa, na hizo ndizo kingo zinazozungumziwa hapa. Wakati wa kupasuka huko, maji hupenya nyufani, hushuka kilomita kadhaa, hupashwa moto na miamba ya chini, kisha hupanda tena kwa kuwa maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Njiani huyeyusha madini mahali pamoja na kuyaacha mahali pengine. Mwamba uliopitiwa na maji hayo haubaki ulivyokuwa.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umo katika milima ya Alps, jimboni Graubünden, mashariki mwa Uswisi. Milima hiyo ina mabaki ya ukingo wa bahari ya Tethys, iliyofunguka katika enzi ya Jura na kufungwa baadaye, mabamba ya Afrika na Ulaya yalipokaribiana. Leo mtu hutembea kwa miguu juu ya miamba iliyokuwa chini ya bahari. Huko, miamba ya tabaka lililo chini ya ganda la dunia iliinuliwa kupitia nyufa kubwa, ikakutana na maji na kugeuka kuwa serpentini. Wanajiolojia walipoipima miamba ya nyufa hizo pamoja na mashapo yaliyoifunika, walikuta nikeli, kromi na manganisi kwa viwango ambavyo miamba ya kawaida ya bara haina. Hizo ni nyayo za maji. Yalipita katika mwamba wa chini, yakachukua, yakapanda, yakaacha. Maji yenyewe yalitoweka zamani, lakini njia yake ingali inasomeka.

Jina serpentini nalo lina funzo. Limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya nyoka, kwa kuwa mwamba huo wa kijani una mabakabaka kama ngozi yake. Mwaka 1813, Mfaransa Alexandre Brongniart aliliunda jina ofioliti kwa kutumia neno la Kigiriki lenye maana iyo hiyo. Hawa waliutazama mwamba, wakaufananisha na kitu walichokijua, wakaendelea kuueleza. Jina lilizaliwa ndani ya maelezo. Wanakiswahili wengi hutenda kinyume: huunda jina, hulihifadhi kamusini, na maelezo yasije abadan.

Isidhaniwe kwamba habari hii ni ya Uswisi pekee. Pwani ya Kenya yenyewe ni ukingo wa namna hiyo. Madagaska ilikuwa imeshikamana na Afrika Mashariki, ikajitenga katika enzi ya Jura, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Kinangoni na Vitengeni, katika Kaunti ya Kilifi, pana risasi na bariti ndani ya miamba iliyopasuka. Madini ya aina hii hujitenga na kuganda nyufani pale maji ya chumvi yenye joto, yaliyobeba metali, yanapokutana na salfa. Mwananyamala, katika Kaunti ya Kwale, maji moto yangali yanabubujika. Katika Bonde la Ufa, mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na leo mvuke wa ardhini huipa Kenya zaidi ya theluthi moja ya umeme wake. Bonde hilo ni sura ya mwanzo ya kisa ambacho Pwani ni sura yake ya baadaye. Nchi moja ina sura zote mbili, na wenyeji wake hawajasimuliwa hata moja kwa lugha yao.

Athari zake si ndogo. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, na ikautambua ushiriki wa umma katika uongozi. Hata hivyo, ripoti za uchimbaji wa madini na mvuke aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Kilifi anayeulizwa iwapo anakubali shamba lake lichimbwe atashiriki vipi, ilhali hajaelezwa risasi ilifikaje pale, na maji yanaweza kuipeleka wapi? Kumwomba kibali bila kumpa maelezo ni kumfunga kitambaa machoni kisha kumwomba achague njia.

Wapo watakaosema kuwa kazi hii ni ya wanajiolojia, na kwamba mwanafunzi wa fasihi akiigusa atapotosha. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni ushirikiano. Mwanajiolojia anaujua mwamba. Mwanakiswahili anaijua sentensi. Mmoja bila mwenzake hatoi kitu cha kusomwa.

Basi vyama vya Kiswahili vyuoni vianzie hapo. Kila toleo la jarida libebe insha moja ya sayansi iliyoandikwa na wawili, mmoja kutoka kila idara. Isomwe kwanza mbele ya watu wasio wa chuo, wakiwemo wachimbaji wa visima ambao huvunja miamba kila siku na wana maneno yao ya kuitaja. Istilahi zitakazohitajika ziokotwe humo baada ya insha kueleweka. Maji hufuata mkondo; istilahi nazo zitafuata maelezo, mradi awepo wa kuanza kueleza.