Majeraha ya Nafsi: Dawa Bila Msikilizaji Haitoshi



Ketamini ni dawa ya nusukaputi. Wengi wetu hatulijui jina lake, lakini akina mama wengi waliojifungua kwa upasuaji katika nchi yetu walilazwa usingizi kwa dawa hiyo. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na tangu mwaka 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Humwondolea mgonjwa maumivu huku akiendelea kupumua mwenyewe, wala haidai mitambo mingi. Ndiyo maana inafaa mahali ambapo umeme hukatika na wataalamu ni wachache.

Siku hizi dawa hiyo inasemwa kwa habari nyingine. Katika nchi tajiri hutolewa kwa kipimo kidogo kwa watu wenye majeraha ya nafsi: askari waliotoka vitani, wanawake waliobakwa, watu walionusurika ajali. Mgonjwa hupewa dawa chini ya uangalizi, kisha huketi na mtaalamu na kuyazungumza yale aliyoshindwa kuyatamka. Je, hii ni tiba, au ni ulevi uliovikwa koti jeupe? Na sisi wa Chitete inatuhusu nini?

Inatuhusu, kwa sababu majeraha hayo yapo kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu waliuawa na kuchunwa ngozi katika wilaya ya Mbozi, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Momba yetu. Wapo waliozika ndugu zao kwa namna hiyo. Wapo walionusurika ajali katika barabara kuu iendayo Tunduma. Wapo wajane waliofukuzwa kwa tuhuma za uchawi, na wake wanaopigwa usiku na kuamkia shambani asubuhi. Mtu wa namna hiyo hashiki usingizi, hushtuka kwa kishindo kidogo, hukimbia mahali panapomkumbusha. Nasi twasema ana mapepo, au imani yake ni haba. Huko ni kumwongezea jeraha juu ya jeraha.

Kuhusu dawa yenyewe, haifai kuibeza wala kuitukuza. Mwaka 2014 watafiti wa New York walieleza habari za wagonjwa 41: ketamini iliwapa nafuu kubwa zaidi ndani ya saa 24 kuliko dawa nyingine ya kutuliza. Lakini utafiti mwingine miongoni mwa askari wa Marekani, uliotolewa mwaka 2022, haukuthibitisha faida hiyo kwa majeraha ya nafsi. Mwezi Oktoba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwakumbusha wananchi kwamba haijaidhinisha ketamini kwa ugonjwa wowote wa akili. Aidha, dawa hii hupandisha shinikizo la damu na huleta njozi. Anayeitumia ovyo kwa muda mrefu huharibu kibofu chake na huweza kuwa mtumwa wake. Basi asitokee mtu wa kuiuza gulioni kwa jina la tiba ya huzuni.

Wengine wanauliza kama Mkristo aweza kupokea dawa inayomwondolea ufahamu. Papa Pius XII alijibu swali la namna hiyo tarehe 24 Februari 1957, alipozungumza na madaktari juu ya nusukaputi. Alifundisha kwamba Mkristo halazimiki kuvumilia kila maumivu, na kwamba dawa ya kuyaondoa ni halali pale tabibu anapoona inahitajika. Kwa hiyo hoja yetu haihusu uhalali. Hoja yetu ni ya haki.

Mwaka 2015 Uchina ilipendekeza Umoja wa Mataifa uiweke ketamini chini ya udhibiti wa kimataifa, kwa sababu ya wanaoitumia kama ulevi. Shirika la Afya Duniani lilipinga, kwa kuwa udhibiti huo ungewanyima dawa ya upasuaji watu wa nchi maskini. Pendekezo halikupitishwa. Tujifunze hapo: matumizi mabaya ya wengine yasimwache mama wa Momba bila dawa siku ya upasuaji, wala tiba mpya ya wenye fedha isiimalize dawa hiyo katika kabati letu.

Hata huko inakotumika, tiba hiyo ina nusu mbili: dawa, na mtu anayesikiliza. Nusu ya kwanza ni ya madaktari, nasi hatuigusi. Nusu ya pili hatuna sababu ya kuingojea. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wa kawaida walifundishwa kwa wiki 6 kuwahudumia wenzao waliotoka Rwanda na Somalia. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Miongoni mwa walioongozwa kusimulia maisha yao hatua kwa hatua, 70 kwa mia hawakuonekana tena kuwa na ugonjwa huo. Miongoni mwa waliopewa ushauri nasaha, 65. Miongoni mwa waliofuatiliwa tu, 37. Hapakuwa na ketamini. Palikuwa na mafunzo, muda na siri iliyotunzwa.

Nasi mapadre tuna neno la kusema hapa. Wengi huja kwenye kitubio wakiwa na aibu ya waliyotendewa. Mama aliyebakwa hana dhambi ya kuungama kwa kubakwa. Ondoleo la dhambi haliwezi kuziba pengo la tiba, na tusimrudishe nyumbani kwa sala peke yake.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kigango kichague watu wawili wenye moyo mtulivu na mdomo mzito, mmoja wao awe mwanamke, wakafundishwe na wataalamu wa afya ya akili. Halmashauri ya walei nayo imwombe Mganga Mkuu wa Wilaya aeleze mgonjwa wa nafsi apelekwe wapi, na nani atamlipia nauli.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo:

1. Ni nani kati yetu amejeruhiwa, nasi tumemwita mwendawazimu au mchawi?
2. Akija kusema, tunayo masikio, au tunayo midomo tu?
3. Ni nani wa kutumwa kufundishwa kwa niaba ya jumuiya yetu?